Gemu Ipi Uanze Nayo Ukitaka Hadithi: ya Reli, ya Njia Panda, ya Kanuni au ya Kimya?

Mtoto wa dada yangu ndiye aliyenivuta ndani ya kibanda cha gemu pale Sinza, jioni ya mvua, tukisubiri maji yapungue barabarani. Nilitegemea kukuta mpira, na televisheni tatu kweli zilikuwa na mpira. Ya nne, ile ya kwenye kona chini ya feni, ilimwonyesha baba amembeba binti yake kifuani, anakimbia usiku katika mji unaowaka moto. Kijana aliyeshika pedi hakusema neno. Msemaji alikuwa mwenzake aliyesimama nyuma ya kiti. Kila sentensi ya Kiingereza aliigeuza Kiswahili papo hapo na kutia chumvi yake: "Mwanangu, nishike shingo, usiangalie nyuma, hawa si watu tena!" Watoto waliokuwa wanagombania zamu za mpira wakageuza vichwa. Yule mwenye pedi alibonyeza kitufe cha kupiga, akabonyeza tena, na hakuna kilichotokea, kwa sababu mikono ya yule baba imejaa mtoto. Alichoachiwa ni kukimbia tu. Tukio lilipoisha aliweka pedi pajani, akajifuta uso kwa fulana.

"Mjomba, hii haitakiwi ucheze mbele za watu," mtoto wa dada yangu akaninong'oneza.

Mimi nafundisha fasihi sekondari. Kila mwaka naandika ubaoni maneno yaleyale, fanani na hadhira, halafu darasa zima linaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea" kwa uvivu, maana wanajua kwamba wakiitikia wasiitikie mwalimu ataendelea. Kwenye kibanda kile, bila kuitikia, hadithi haisogei. Pedi ikiwekwa chini, yule baba hafiki popote. Na yule mtafsiri wa nyuma ya kiti alikuwa anaendeleza kazi tunayoijua vizuri Dar, kazi ya kina Lufufu waliosimulia filamu za nje kwa Kiswahili mpaka watu wakasahau kwamba waigizaji wanaongea lugha nyingine.

Tangu jioni ile nimecheza gemu nyingi za hadithi, zangu na za kuazima. Walimu wenzangu, wazazi wa wanafunzi na vijana waliochoka na mpira wananiuliza swali moja: nianze na ipi? Jibu linategemea wewe ni msikilizaji wa namna gani, una chombo gani, na umeme wa kwenu ukoje. Kwa hiyo nimezigawa katika aina nne na kuzipima kwa mizani moja.

Kwanza, neno kuhusu sanaa

Mwaka 2010 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Marekani aliyeheshimika sana, aliandika kwamba gemu haziwezi kamwe kuwa sanaa. Hoja yake moja ilikuwa nzito: gemu unaweza kuishinda, ilhali riwaya, ngoma au filamu huishindi, unaipitia. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema gemu zinastahili ulinzi uleule wa uhuru wa kujieleza walio nao vitabu, tamthilia na filamu. Mwaka 2012 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, MoMA, likaingiza gemu 14 kwenye hazina yake.

Mahakama na makumbusho hayatoshi kunishawishi. Kilichonishawishi ni kile kitufe kisichofanya kazi pale Sinza. Mtunzi wa riwaya angeandika kwamba baba alijisikia hana nguvu. Mtunzi wa gemu alimnyang'anya mchezaji nguvu mkononi mwake. Picha nzuri na muziki mzuri filamu inavyo pia. Sanaa ya gemu naitafuta kwenye kile inachokufanyisha, na ndicho nitakachokitazama kwanza katika kila aina hapa chini.

Vigezo

Hadithi: nani anaiongoza, na mikono yako ina kazi gani ndani yake? Lugha: inahitaji Kiingereza kiasi gani, maana gemu nyingi hazina Kiswahili. Muda: inaisha baada ya saa ngapi, na umeme ukikatika unapoteza nini? Chombo na hela: simu uliyonayo inatosha, au mpaka ununue mashine? Mikono: mtu ambaye hajawahi kushika pedi ataweza? Mwisho wa kila aina nasema inamfaa nani.

1. Gemu ya reli

*Hadithi.* Njia ni moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mtunzi ndiye dereva. Ile ya kibandani ilikuwa The Last of Us, iliyotoka mwaka 2013. Nyingine ni God of War ya mwaka 2018: baba mkali, Kratos, na mwanawe mdogo wanabeba majivu ya mama kwenda kuyamwaga juu ya kilele kirefu kuliko vyote. Kamera yake haikatwi hata mara moja, inawafuata mgongoni safari nzima. Baba hajui kuongea na mtoto. Saa nyingi unazotembea nao unasikia anavyojaribu, anavyoshindwa, anavyonyoosha mkono kumshika bega na kuurudisha. Nimeona baba wengi wa namna hiyo kwenye vikao vya wazazi shuleni.

Udhaifu wa aina hii ni kwamba sehemu nzito mara nyingi huja kama filamu: unaweka pedi chini, unatazama, halafu unarudishiwa mchezo. Tena shujaa anaua watu kwa makumi njiani, kisha hadithi inamtaka alie juu ya mmoja. Wachezaji wengi wamezoea. Mimi sijazoea.

Hapa lazima nikae kidogo kwa Tales of Kenzera: Zau, ya mwaka 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na aliitunga kutokana na msiba wa baba yake. Zau ni kijana mganga ambaye baba yake amefariki. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano ili arudishiwe mzee wake. Ulimwengu wake umeshonwa kwa masimulizi ya jamii za Kibantu, na sauti zake unaweza kuzichagua za Kiswahili. Niliicheza kwenye kompyuta ya rafiki yangu Mikocheni. Nilibadilisha lugha, nikavaa visikilizio, na kwa mara ya kwanza niliucheza msiba kwa lugha ambayo nimezikia watu wangu. Rafiki yangu alirudi kutoka jikoni na sahani mbili za wali akanikuta sijatoka nilipokuwa. Ukiwa umefiwa karibuni, jipime kwanza.

*Lugha.* Kiingereza cha kusikia, lakini maandishi ya chini unaweza kuyawasha. Mwenye Kiingereza cha kidato cha nne atafuata hadithi.

*Muda.* The Last of Us huchukua saa kama 15. Inajihifadhi yenyewe kila baada ya kipande kifupi, hivyo luku ikiisha katikati utarudia dakika chache tu. Kuzimika kwa ghafla mara kwa mara, hata hivyo, hakuipendezi mashine.

*Chombo na hela.* Hapa ndipo penye uzito. PS4, yaani mashine ya PlayStation 4, hata iliyotumika, inatosha kwa The Last of Us na God of War. Zau inataka PS5, Xbox za kizazi kipya, Switch au kompyuta yenye nguvu. Uzuri wa diski ni kwamba ukimaliza unaiuza au unaibadilisha na mwenzako kwa kuongezea kidogo, kitu ambacho gemu uliyoipakua haikupi. Ila kagua kabla ya kutoa hela. Niliwahi kununua Red Dead Redemption 2 kwa muuzaji mmoja Kariakoo, nikafika nyumbani nikakuta diski moja tu, na gemu ile kwa PS4 huja na mbili: moja ya kupakia, moja ya kuchezea. Niliporudi, muuzaji alisema nilipewa zote. Ile diski moja ninayo mpaka leo na sijaicheza.

*Mikono.* Inataka vidole: kukimbia, kulenga, kukwepa. Chagua kiwango chepesi bila aibu, kipo kwa ajili hiyo.

*Inamfaa* mtu anayependa filamu, anayetaka kushikwa mkono na msimulizi hodari mpaka mwisho. The Last of Us na God of War ni za watu wazima, damu ni nyingi, zisiwekwe sebuleni watoto wakiwa macho.

2. Gemu ya njia panda

*Hadithi.* Hapa unaulizwa. Mtu anakueleza shida yake, unapewa majibu matatu au manne, na utakachochagua kinaacha alama. The Witcher 3, kutoka Poland, ya mwaka 2015, ina sehemu inayozungumziwa mpaka leo: mtawala wa kijiji katika nchi iliyoharibiwa na vita anakuomba umtafutie mke na binti yake waliotoweka. Unaanza kumhurumia. Kisha unagundua ni mlevi, na kwa nini walikimbia. Anayeomba msaada ndiye aliyevunja nyumba, na majuto yake ni ya kweli pia. Gemu haikuambii umfanye nini. Nimefundisha tamthilia zenye wahusika wepesi kuliko huyo.

Nyingine ni Disco Elysium ya mwaka 2019, iliyotungwa na kundi lililoanzia Estonia. Wewe ni mpelelezi mlevi aliyeamka hotelini hajui hata jina lake. Hakuna mfumo wa kupigana. Kila kitu ni mazungumzo, na nusu ya mazungumzo hayo ni kichwa chako chenyewe: kiburi kinakushauri, hofu inakushauri, akili inabishana na vyote viwili. Ina maneno zaidi ya milioni moja.

Tuseme na upande wa pili. Kila tawi la hadithi lazima liandikwe na mtu, kwa hiyo watunzi huyarudisha matawi mengi kwenye shina moja. Unadhani umegeuza dunia, kumbe umebadilisha ukurasa. Ukirudia kucheza na kuchagua vingine utaziona nyuzi zilipofungwa. Kwa maoni yangu ni vizuri kucheza gemu hizi mara moja tu na kuishi na ulichochagua.

*Lugha.* Ngumu kuliko zote. Disco Elysium ina Kiingereza cha riwaya nzito, chenye utani na falsafa. Usianze nayo kama unasoma kwa kutafuta maneno.

*Muda.* Hadithi kuu ya The Witcher 3 peke yake ni saa 50 hivi, na vijiji vya pembeni vitakupeleka mbele zaidi ya hapo. Mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya Morogoro Road atakaa nayo miezi. Ukiiacha wiki tatu, ukirudi umesahau nani ni nani.

*Chombo na hela.* PS4 au kompyuta. Ukihesabu kwa saa utakazopata, ni rahisi kuliko zote. Maandishi ni madogo kwa televisheni ya mbali, sogeza kiti.

*Mikono.* The Witcher 3 inataka mazoezi ya upanga. Disco Elysium haitaki kitu zaidi ya kubonyeza na kusoma, hata mama yangu angeiweza.

*Inamfaa* msomaji wa riwaya ndefu, mtu wa kubishana kichwani kabla ya kulala.

3. Gemu ya kanuni

*Hadithi.* Hii ndiyo aina niliyokawia kuielewa, na ndiyo inayonijibia ile hoja ya Ebert. Haikusimulii. Inakupa kazi, inakupa kanuni, na hadithi inatoka katikati ya hizo mbili.

Papers, Please ilitungwa na mtu mmoja, Lucas Pope, mwaka 2013, na tangu 2022 ipo kwenye simu. Niliianza kwenye mwendokasi, nimepata siti ya dirishani kutoka Kimara. Ni mwezi wa Novemba 1982 katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, na wewe umepangiwa kazi ya kukagua pasi mpakani. Watu wanapanga foleni. Unalipwa kwa kila mtu unayemhudumia, kwa hiyo unataka kwenda haraka. Ukikosea unapewa onyo, na baada ya maonyo mawili kwa siku unakatwa hela. Jioni inakuja karatasi ya nyumbani: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa kama kuna mgonjwa. Hela haitoshi vyote. Kodi inakatwa yenyewe. Unaweka alama kwenye chakula, unaacha joto, na baadaye mtoto anaumwa.

Akaja mwanamume, karatasi zake zote sawa. Nikagonga muhuri wa kijani. Akasema mke wake yuko nyuma yake, nimfanyie wema. Mke akafika dirishani. Hana kibali cha kuingia.

Siku hiyo nilikuwa nimeshapata maonyo mawili. Basi lilikuwa limesimama Magomeni, watu wanasukumana mlangoni. Nilivuta muhuri mwekundu, nikaugonga. Una mlio mkavu, kama wa ofisi yoyote unayoijua. Mwanamke akaniambia neno moja la uchungu, akaondoka, na aliyefuata akaingia. Nilishuka Kivukoni nikaenda kusimama karibu na feri, simu mfukoni.

Hakuna aliyenilazimisha. Hapakuwa na muziki wa huzuni wala sura iliyokuzwa ikidondosha machozi. Palikuwa na karani mwenye familia, na hesabu. Sisi ambao tumesimama mbele ya meza tukaambiwa "njoo kesho", ambao tumekwenda na barua ya mtaa wakakuta haina muhuri, tunaijua hadithi hii kutoka upande wa foleni. Gemu hii ilinikalisha upande wa pili wa meza, na nikatenda kama wanavyotenda. Kuishinda kunawezekana. Ina miisho 20, na ninayoijua mimi si ya kujivunia.

This War of Mine, ya mwaka 2014, pia kutoka Poland, inakwenda njia hiyohiyo. Watunzi wake walitazama kuzingirwa kwa Sarajevo, mji uliobanwa tangu 1992 hadi 1996. Huchezi askari. Unachunga raia watatu katika nyumba iliyobomoka: mwandishi wa habari, mpishi, na mcheza mpira mwenye mbio. Mchana huwezi kutoka kwa sababu ya wadunguaji, usiku unamtuma mmoja akatafute chakula. Ipo nyumba moja ya wazee wawili, mtu na mke wake. Wana dawa na vyakula, na hawana silaha. Ukiwaibia hawakupigi. Unarudi na mzigo umejaa, halafu wenzako nyumbani wanaanza kuzama katika huzuni. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiingiza kwenye orodha ya kazi ambazo wanafunzi wa sekondari wanaweza kutumia masomoni. Kama mwalimu, nimelifikiria jambo hilo sana.

Udhaifu wa aina hii? Inachosha. Kazi ya karani inachosha kwa sababu imetungwa ichoshe, na kuna jioni ambazo mtu akitoka kazini hataki kazi nyingine. Wahusika nao ni michoro tu, hutawajua kwa undani kama unavyomjua Kratos.

*Lugha.* Papers, Please ina Kiingereza kifupi cha kiofisi: jina, tarehe, sababu ya safari. Ila lazima usome kwa makini, herufi moja ikikosewa ni kosa lako. This War of Mine ina maneno machache zaidi.

*Muda.* Siku moja ya kazi mpakani ni dakika chache, inatosha kutoka kituo hadi kituo. Gemu nzima ni saa tano, sita hivi, kutegemea umekufa mara ngapi.

*Chombo na hela.* Simu ya kawaida yenye nafasi kidogo. Zote mbili ni za kununua, mara moja, bila matangazo. Malipo ni kwa kadi, au kadi ya mtandaoni unayoifungua kwenye pesa za simu. Pakua ukiwa kwenye waifai ya mtu, uokoe bando.

*Mikono.* Kidole kimoja. Kwenye simu ndogo karatasi zinabanana, na macho yatalalamika.

*Inamfaa* mtu anayependa hadithi isiyomaliza kusemwa, na asiyetaka kuambiwa ahisi nini.

4. Gemu ya kimya

*Hadithi.* Florence, ya mwaka 2018 kutoka Melbourne, ni ya binti wa miaka 25 anayefanya kazi ya uhasibu na kupigiwa simu na mama yake kila mara. Anakutana na kijana mpiga muziki. Siku ya kwanza wanapotoka, kila sentensi anayotaka kusema ni fumbo la vipande unavyopaswa kuviunganisha kwa kidole, na ni vingi. Wakizoeana vipande vinapungua, mazungumzo yanakuwa mepesi. Wanapogombana vipande vinakuwa na kingo kali, na unajikuta unaunganisha haraka kumzidi mwenzako. Hakuna hata neno moja lililosemwa. Mke wangu aliicheza kwenye kochi, akafika pale pa ugomvi, akaniangalia. "Ndivyo unavyofanyaga," akasema.

Journey, ya mwaka 2012, ni safari ya mtu aliyevaa joho jangwani kuelekea mlima. Njiani anaweza kutokea mwenzako, mtu halisi aliyeko popote duniani, lakini hamwezi kuongea; mna mlio mmoja tu kama wa ndege. Majina mnayaona mwisho kabisa. Muziki wake, wa Austin Wintory, ndio wa kwanza wa gemu kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Wanaozilaumu gemu hizi husema hadithi ni nyembamba, ukiisimulia kwa mdomo inaisha kwa sentensi mbili. Ni kweli. Hata shairi ukilisimulia linaisha.

*Lugha.* Karibu hakuna. *Muda.* Florence ni chini ya saa moja, Journey ni saa mbili. Wengine wataona ni hela nyingi kwa muda mfupi. *Chombo.* Florence iko kwenye simu zote, Journey kwenye PS4, kompyuta na iPhone. Journey bila intaneti inachezeka, ila yule mwenzako hatokei. *Mikono.* Yeyote.

*Inamfaa* mgeni kabisa, mtu asiye na Kiingereza, na mtu mwenye jioni moja tu.

Sasa chagua kwa hali yako

Una simu tu na hujawahi kucheza chochote: anza na Florence. Ukimaliza jioni hiyohiyo na ukatamani kitu kichungu zaidi, nenda Papers, Please.

Una PS4 ya mpira nyumbani tayari: nunua diski ya God of War au The Last of Us, weka kiwango chepesi, na cheza watoto wakilala. Kama diski zinatakiwa mbili, zihesabu dukani.

Wewe ni msomaji, Kiingereza chako kizuri, vidole vizito: Disco Elysium, kwenye kompyuta, likizo ya Desemba, ukiwa na daftari la kuandika majina.

Umeme wa mtaani kwenu unakatika ovyo: kaa kwenye simu. Hadithi ya saa 50 iliyokatizwa mara 40 si hadithi tena.

Unafundisha, na unataka wanafunzi wajadili: This War of Mine, kwa simu moja iliyounganishwa kwenye televisheni ya shule, vidato vya juu. Ile nyumba ya wazee wawili peke yake inajaza vipindi viwili. Waache wapige kura waibe au wasiibe, na usiwaonyeshe sura yako.

Una kompyuta ya nguvu au PS5, au rafiki mwenye navyo, na unataka kusikia Kiswahili: Zau.

Una watoto wakubwa wengi, televisheni moja na pedi moja, na mnagombania zamu: chukua God of War kama wote wameshatimiza umri wake, au Journey kama hawajatimiza. Mmoja ashike pedi. Mmoja asimame nyuma ya kiti, awe msimulizi, ageuze kila kinachosemwa kuwa Kiswahili cha kwenu na aruhusiwe kuongeza chumvi. Kwenye Journey, ambako hakuna kinachosemwa, atunge mwenyewe. Wengine wakae chini na waitikie. Kila sura ikiisha, badilishaneni nafasi.